Ahadi ya kutoshtakiwa nchini Marekani: mdogo wangu aseme au anyamaze?

*Wakili, habari za kazi. Mdogo wangu anaishi Pennsylvania, Marekani. Ana ukaazi wa kudumu, uraia bado hajaupata. Kwa miaka kadhaa alikuwa karani wa hesabu katika kampuni inayopeleka wauguzi majumbani, na kazi yake ilikuwa kutuma madai ya malipo kwenye mpango wa serikali wa bima ya afya. Sasa wapelelezi wa serikali ya shirikisho wamemfuata nyumbani mara mbili. Wanasema wanaowatafuta ni wenye kampuni, na kwamba akieleza anachokijua hatashtakiwa. Mwanasheria wa kampuni naye amempigia simu kumwambia asiwe na wasiwasi. Rafiki wa familia anasema ahadi ya mwendesha mashtaka inatosha hata ikiwa ya mdomo tu, kwa kuwa Bill Cosby, yule mchekeshaji maarufu wa Marekani, alitoka gerezani kwa ahadi ya namna hiyo. Mwingine anasema akinyamaza ndipo atakapoonekana mwizi. Mimi mwenyewe kuna jambo jingine linanisumbua: hao wenye kampuni nao wana haki zao, je, si dhuluma mtu mmoja asamehewe ili awafunge wenzake? Tufanye nini?*

Ndugu yangu, pole kwa mashaka haya, na umefanya vyema kuuliza kabla mdogo wako hajaketi na wapelelezi kwa mara ya tatu. Naomba nianze na mambo mawili yasiyoweza kusubiri maelezo marefu. La kwanza, asizungumze tena na mpelelezi yeyote, hata kwa simu, hata kwa dakika tano za kusalimiana, mpaka awe na wakili wake mwenyewe. La pili, asifute ujumbe, asichane karatasi wala kurekebisha rekodi yoyote inayohusu kazi hiyo, kwa sababu sheria ya shirikisho inamwadhibu anayeharibu nyaraka ili kukwamisha uchunguzi kwa kifungo kinachoweza kufika miaka 20, na adhabu hiyo inaweza kumpata mtu ambaye katika kosa lenyewe hakuwa na hatia yoyote.

Swali lako lina hofu tatu ndani yake: kama ahadi waliyompa ina nguvu, kama kunyamaza kutamponza, na kama mpango wenyewe ni halali mbele ya haki za wengine. Zote zina mzizi mmoja, nao ni Marekebisho ya Tano ya Katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanayokataza mtu kulazimishwa kuwa shahidi dhidi yake mwenyewe katika kesi ya jinai. Haki hiyo inamlinda raia na mgeni sawasawa, kwa hiyo mdogo wako anayo hata bila pasi ya Marekani.

Serikali, kwa upande wake, ina shida ya kweli. Udanganyifu wa kwenye vitabu vya hesabu haufanyiki barabarani mbele ya watu. Wanaoujua ni walioushiriki, au waliokaa karibu nao kiasi cha kuogopa kwamba maneno yao yatawageukia. Kama kila mmoja wao atatumia haki yake ya kunyamaza, kesi haitaanza. Hapo ndipo kinga ilipozaliwa: serikali inamwambia shahidi kwamba itamwondolea hatari iliyo ndani ya maneno yake, na hatari ikishaondoka, sababu ya kunyamaza nayo imeondoka, hivyo anaweza kulazimishwa kusema. Kanuni nzima imesimama juu ya usawa huo. Ulinzi anaopewa mtu lazima uwe na upana uleule wa haki anayonyang'anywa, na ukipungua, makubaliano yanakuwa na tundu kikatiba.

Mahakama ya Juu ya Marekani imeupima upana huo kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1892, katika kesi ya Counselman, ilikataa sheria iliyozuia maneno ya shahidi yasitumike mahakamani lakini ikawaachia wapelelezi nafasi ya kuyafuata maneno hayo hadi kwenye ushahidi mwingine. Bunge likajibu mwaka 1893 kwa kinga pana zaidi, ambayo mtu hashtakiwi kabisa kwa jambo aliloliongelea, na mwaka 1896 Mahakama ikaikubali. Hii tuiite kinga kamili. Mwaka 1970 Bunge likaipunguza: maneno ya shahidi, pamoja na chochote kilichopatikana kwa kuyafuata maneno hayo, hayawezi kutumika dhidi yake, lakini kushtakiwa bado anaweza, mradi ushahidi umetoka kwingine kabisa. Hii ni kinga ya matumizi. Mwaka 1972, katika kesi ya Kastigar, Mahakama ilisema kwamba hiyo inatosha kikatiba, ila ikaweka sharti zito: mtu aliyesema chini ya kinga akishtakiwa baadaye, ni juu ya mwendesha mashtaka kuthibitisha kwamba kila ushahidi alionao una chanzo halali kisichotokana na maneno yale.

Sharti hilo si la mapambo. Oliver North, aliyekuwa ofisa wa Ikulu ya Marekani, alitoa ushahidi mbele ya Bunge mwaka 1987 kuhusu silaha zilizouzwa Iran, akiwa na kinga ya matumizi, na nchi nzima ikamtazama kwenye televisheni. Mwaka 1989 alipatikana na hatia katika makosa matatu. Mwaka 1990 mahakama ya rufaa ilitengua hukumu, kwa kuwa haikuthibitishwa kwamba mashahidi waliosimama dhidi yake hawakuathiriwa na yale waliyomsikia akiyasema chini ya kinga, na mwaka uliofuata mashtaka yakafutwa. Waendesha mashtaka walikuwa wamejitahidi wenyewe wasiusikie ushahidi ule, na bado kesi ilianguka.

Sasa nije kwenye jambo ambalo familia nyingi hazilijui, nalo ndilo linaloamua thamani ya ahadi aliyopewa mdogo wako. Kinga niliyoieleza hapo juu ni ile inayotolewa kwa amri ya mahakama. Katika ngazi ya shirikisho, mwendesha mashtaka huomba kibali cha wakuu wa Wizara ya Sheria, kisha jaji hutoa amri, na kuanzia hapo shahidi hana hiari tena: akikataa kujibu anaweza kuwekwa mahabusu kwa kudharau mahakama hadi miezi 18. Amri hiyo ni nzito kwa pande zote mbili. Kwa sababu imemlazimisha mtu, Katiba inamlinda dhidi ya matumizi ya maneno yake kote nchini, katika mahakama za shirikisho na za majimbo pia, kwa mantiki iliyowekwa katika kesi ya Murphy ya mwaka 1964. Lakini mara nyingi mambo hayafiki huko. Kinachotokea ni barua, ambayo ni mkataba kati ya mtu na ofisi moja ya mwendesha mashtaka, na mkataba unalinda kile tu kilichoandikwa ndani yake. Chini ya barua kuna kitu dhaifu zaidi, nacho ni maneno ya mlangoni ya mpelelezi. Mpelelezi hana mamlaka ya kumwahidi mtu kwamba hatashtakiwa. Anayeamua mashtaka ni mwendesha mashtaka, na kwa maelezo yako, hakuna mwendesha mashtaka aliyezungumza na mdogo wako mpaka leo.

Kwa hiyo turudi kwa Cosby. Rafiki wa familia yenu ameshika nusu ya habari, na nusu aliyoiacha ndiyo yenye hatari.

Mwezi Februari 2005, Bruce Castor, aliyekuwa mwendesha mashtaka wa wilaya ya Montgomery hukohuko Pennsylvania, alitangaza kwa taarifa kwa vyombo vya habari kwamba hatamshtaki Cosby kwa madai ya kumdhulumu mwanamke mmoja kingono. Baadaye alieleza kwamba nia yake ilikuwa kumwondolea Cosby haki ya kunyamaza, ili mwanamke yule aweze kumhoji katika kesi ya madai. Na kweli, katika miaka ya 2005 na 2006 Cosby alihojiwa chini ya kiapo mara nne bila kujificha nyuma ya Marekebisho ya Tano, akakiri kwamba aliwahi kujipatia vidonge vya kulevya kwa nia ya kuwapa wanawake aliotaka kulala nao, na kesi ikamalizwa kwa kumlipa mlalamikaji zaidi ya dola milioni 3. Miaka ikapita. Mwaka 2015 jaji wa shirikisho akafungua sehemu ya maelezo hayo kwa umma, na mwezi Desemba mwaka huohuo ofisi ileile, chini ya uongozi mwingine, ikamshtaki. Jopo la kwanza la raia, wale wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, halikuafikiana mwaka 2017. La pili lilimtia hatiani Aprili 2018, maneno yake mwenyewe yakiwa sehemu ya ushahidi, akahukumiwa kifungo cha kati ya miaka 3 na 10.

Tarehe 30 Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Pennsylvania ilitengua hukumu hiyo na kuzuia asishtakiwe tena kwa jambo lile. Watu wengi waliumizwa na uamuzi huo, na maumivu yao nayaelewa, kwa sababu hakuna jaji aliyesema kwamba mwanamke yule alidanganya. Hoja ya mahakama ilikuwa nyingine. Mwendesha mashtaka alitoa uamuzi wa wazi kwa nia ya kumfanya mtu aache haki ya kikatiba. Mtu yule akaiamini kauli ya serikali, akaiacha haki yake, akajiumiza. Basi serikali haiwezi kuchukua matunda ya kuaminiwa huko halafu ikamgeukia. Kufanya hivyo ni kuvunja haki ya mchakato ulio wa haki. Majaji sita kati ya saba walikubali kwamba haki hiyo ilivunjwa, wawili kati yao wakitaka maelezo yale yaondolewe na kesi isikilizwe upya, wanne wakisema aachiwe moja kwa moja. Mmoja alipinga kabisa, akiona kwamba taarifa kwa wanahabari si ahadi. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kusikiliza rufaa ya waendesha mashtaka.

Sasa angalia nusu nyingine. Ahadi ile haikuandikwa kama mkataba, haikupelekwa kwa jaji, ingawa sheria ya Pennsylvania ina utaratibu wa kuomba amri ya kinga mahakamani, na taarifa yenyewe ilikuwa na sentensi iliyosema kwamba uamuzi unaweza kuangaliwa upya haja ikitokea. Kwa sababu ya ulegevu huo jaji wa kwanza alisema hapakuwa na ahadi yoyote ya kisheria, na mahakama ya rufaa ikakubaliana naye. Cosby, mwenye mawakili wa daraja la kwanza na fedha za kuwalipa, alikaa karibu miaka mitatu gerezani kabla ya mahakama ya mwisho kumsikiliza. Tena kilichomwokoa ni kwamba aliyetangaza uamuzi alikuwa mwendesha mashtaka mkuu wa wilaya nzima, hadharani, na kwamba Cosby aliiacha haki yake kwa kuitegemea kauli ile. Mdogo wako ana maneno ya wapelelezi, yaliyosemwa sebuleni kwake bila shahidi. Uamuzi wa Cosby ni wa mahakama ya jimbo, ilhali wanaomfuata ni watu wa shirikisho, na kwangu mimi kesi ile inafundisha jinsi ahadi isiyoandikwa vizuri inavyoweza kumgharimu mtu miaka ya maisha yake hata pale anaposhinda mwishoni.

Hata barua iliyoandikwa ina swali lake: imemfunga nani? Mwaka 2007 ofisi ya shirikisho ya kusini mwa Florida ilifikia makubaliano na Jeffrey Epstein, tajiri aliyetuhumiwa kuwadhulumu wasichana kingono, yaliyosema kwamba washiriki wake nao hawatashtakiwa. Mwaka 2020 waendesha mashtaka wa New York walimshtaki Ghislaine Maxwell, mshirika wa Epstein, naye akajitetea kwa makubaliano yale. Mwaka 2024 mahakama ya rufaa ilisema ofisi ya Florida haikuifunga ofisi ya New York, na mwaka 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kulisikiliza jambo hilo. Mahakama za rufaa hazina sauti moja hapa. Ile inayosimamia Pennsylvania ilisema mwaka 2002, katika kesi ya Gebbie, kwamba mwendesha mashtaka akiandika katika makubaliano ya kukiri kosa kwamba "Marekani" au "Serikali" ndiyo inayoahidi, basi amewafunga wenzake wote wa shirikisho kuhusu makosa hayohayo. Unaona jinsi neno moja linavyoweza kubeba uzito wa kifungo. Na hata neno hilo halizifungi ofisi za jimbo ambazo hazikutia sahihi, wala halimzuii anayedai fidia katika kesi ya madai.

Nadhani hatua inayofuata itakuwa mwaliko wa kwenda kwenye ofisi ya mwendesha mashtaka "kueleza tu". Atapewa barua ya ukurasa mmoja au miwili inayosema kwamba atakayoyasema hayatatumika dhidi yake katika kuthibitisha mashtaka. Watu husoma sentensi hiyo, wakavuta pumzi, wakatia sahihi. Sentensi zinazofuata kwa kawaida huiruhusu serikali kufuata kila dalili iliyotoka kwenye mazungumzo na kutumia kitakachopatikana, na kumrudishia maneno yake ikiwa yeye, au wakati mwingine hata wakili wake, atatoa hoja inayopingana nayo mahakamani. Mwaka 1995, katika kesi ya Mezzanatto, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba mtu anaweza kutia sahihi kuacha ulinzi ambao kanuni za ushahidi zilimpa katika mazungumzo ya aina hii. Barua hiyo, kwa hiyo, ni ndogo kuliko kinga ya Kastigar, kwa sababu aliyetia sahihi amekuja kwa hiari yake. Inaweza kuwa hatua nzuri ya kumwonyesha mwendesha mashtaka kwamba kijana ni karani aliyetumwa, lakini aingie akiwa na wakili aliyeisoma kila sentensi na aliyekwisha kumhoji yeye kwa faragha.

Na akiingia, aseme kweli yote. Hakuna kinga ya aina yoyote inayofunika uongo. Kumdanganya mpelelezi wa shirikisho katika jambo lenye uzito ni kosa la kifungo cha hadi miaka mitano, hata bila kiapo, na hata kama mazungumzo yalikuwa mlangoni. Martha Stewart, mfanyabiashara na mtangazaji maarufu wa televisheni, alifungwa miezi mitano mwaka 2004 kwa kula njama, kuzuia uchunguzi na kusema uongo kwa wapelelezi kuhusu hisa alizoziuza, wakati shtaka la ulaghai wa hisa lenyewe jaji alikuwa amekwisha kulitupa. Ndiyo sababu nimesema asiongee hata dakika tano. Mtu mwoga husema "sikujua" pale alipojua kidogo, na neno hilo dogo likawa ndilo kosa pekee analoweza kuthibitishiwa. Kama tayari amesema jambo lisilo sahihi katika zile ziara mbili, amweleze wakili wake hilo kwanza kabla ya lingine lolote.

Kuhusu kunyamaza. Huyo mwingine anayesema akinyamaza ataonekana mwizi hajakosea kabisa katika hali ya kibinadamu, lakini kisheria mambo yako hivi: kesi ya jinai ikifika mbele ya jopo, tangu kesi ya Griffin ya mwaka 1965 mwendesha mashtaka haruhusiwi kuwaambia raia wale kwamba kutotoa ushahidi kwa mshtakiwa ni dalili ya hatia. Kabla ya hapo, mtu akihojiwa bila kukamatwa, kuna mtego. Katika kesi ya Salinas ya mwaka 2013, mtu alijibu maswali ya polisi kwa hiari, akafika kwenye swali moja akanyamaza tu, na kimya chake kikatumika dhidi yake. Majaji walioongoza uamuzi walisema kwamba anayetaka kinga ya Marekebisho ya Tano lazima aitamke. Kwa hiyo mdogo wako asigeuke bubu. Aseme kwa adabu: "Natumia haki yangu ya kutozungumza, na ningependa mawasiliano yote yapitie kwa wakili wangu." Hilo linatosha, na lisiongezwe maelezo. Akipata hati ya wito ya kwenda mbele ya jopo kuu, lile linaloamua kama mashtaka yafunguliwe, hati hiyo asiipuuze. Wakili haruhusiwi kuingia naye chumbani humo, ila anaweza kumsubiri nje, na shahidi anaweza kuomba kutoka ili ashauriane naye. Nyaraka za kampuni alizo nazo ni habari nyingine: haki ya kunyamaza hailindi rekodi za kampuni, hata kama ziko mikononi mwa karani, hivyo wakili ndiye atakayeamua zitolewe vipi.

Sasa uraia, ambao kwa familia yako naona ni mzito kuliko hata gereza. Ahadi ya kutoshtakiwa haimaanishi kwamba mamlaka ya uhamiaji yamekubali chochote. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inaweza kumzuia mtu asiye raia kuingia nchini kwa sababu tu amekiri vipengele vya makosa ya aina fulani, hata kama hakushtakiwa, na udanganyifu wa fedha za serikali unaweza kuangukia humo. Tena wakimwambia baadaye kwamba badala ya kinga akiri kosa dogo na hatafungwa, tahadhari iwe kubwa maradufu: kosa la udanganyifu lenye hasara inayozidi dola 10,000 linahesabiwa kuwa kosa kubwa kwa sheria ya uhamiaji, na mwenye ukaazi wa kudumu anaweza kufukuzwa nchini hata kama hakulala gerezani usiku mmoja. Mwaka 2010, katika kesi ya Padilla, mtu aliyeishi Marekani kihalali kwa zaidi ya miaka 40 na kupigana Vietnam alikuwa amekiri kosa baada ya wakili wake kumwambia asihofu kuhusu uhamiaji. Mahakama ya Juu ikasema kwamba wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja hatari ya kufukuzwa nchini. Mdogo wako aitumie haki hiyo mapema: kabla ya kutia sahihi lolote, wakili wa jinai akae meza moja na wakili wa uhamiaji.

Umeuliza pia kuhusu wenye kampuni, na nimefurahi kwamba uliuliza, kwa sababu wengi wanaopewa kinga hawaulizi. Hofu yako ina msingi. Mtu aliyeahidiwa uhuru wake ana sababu ya kusema kile ambacho mwendesha mashtaka anataka kusikia, na wapo watu wasio na hatia waliofungwa kwa maneno ya aina hiyo. Mwaka 1998 majaji watatu wa mahakama ya rufaa ya Denver walifika mbali kiasi cha kusema kwamba kumpa shahidi ahueni ya mashtaka ili atoe ushahidi ni sawa na kumhonga. Uamuzi huo ulisimamishwa siku chache baadaye, na mwaka 1999 mahakama nzima ikaukataa, kwa hoja kwamba sheria ile ya hongo haikukusudiwa kuigusa serikali inapoendesha mashtaka. Kwa hiyo mpango ni halali. Ulinzi wa mshtakiwa umewekwa mahali pengine, nao ni kwamba mpango hauwezi kufichwa. Marekebisho ya Sita yanampa mshtakiwa haki ya kukabiliana na shahidi ana kwa ana, na wakili wake atamhoji mdogo wako kuhusu kila alichoahidiwa. Katika kesi ya Giglio ya mwaka 1972, mfanyakazi wa benki, ambaye alikuwa shahidi pekee wa kumuunganisha mshtakiwa na hati za kughushi, aliahidiwa na mwendesha mashtaka mmoja kwamba hatashtakiwa. Mwendesha mashtaka mwingine, asiyejua, akaliambia jopo kwamba hakuna ahadi. Mahakama ya Juu ikatengua hukumu, ikisema kwamba ahadi ya mmoja wao ni ahadi ya serikali, na jopo lilikuwa na haki ya kuijua.

Jambo hilo linamhusu mdogo wako moja kwa moja. Makubaliano yake yatasomwa mahakamani, na jopo kwa kawaida litaelekezwa kuupima ushahidi wake kwa uangalifu wa pekee. Ikiwa ahadi fulani ilitolewa pembeni na haikuandikwa, itakuja kumdhuru yeye na kesi yenyewe. Akieleza alichokiona kwa macho yake, asiongeze wala asipunguze, na akakataa kubahatisha kile ambacho bosi wake alikuwa akiwaza, hajamdhulumu mtu. Upande mmoja, hata hivyo, mizani bado haijakaa sawa kwa maoni yangu: mwendesha mashtaka anaweza kumpa shahidi wake kinga, lakini mshtakiwa anayemhitaji shahidi anayeogopa kusema hana uwezo huo, na mahakama nyingi zimekataa kumtolea kinga kwa niaba yake. Hiyo ni kasoro ya mfumo, na si mzigo wa karani kuutatua.

Ukinitaka nipime njia zilizopo, nitasema hivi. Kunyamaza kabisa ni salama kwa leo, lakini kama wakubwa watakuja kuzungumza kwanza, wao ndio watakaoeleza karani alifanya nini. Kuzungumza mapema kunaweza kumpa nafasi nzuri ya kupata barua yenye nguvu, ila kukimbilia bila wakili kunaweza kumhamisha kutoka kuwa shahidi hadi kuwa mshtakiwa. Kinga ya amri ya mahakama ni imara zaidi, lakini haiombwi na shahidi kama fomu ya ofisini. Huja pale serikali inapohitaji maneno yake na yeye ameshikilia haki yake kwa dhati. Bila kuona nyaraka siwezi kusema ipi inamfaa. Ninachoweza kusema ni kwamba swali la kwanza la wakili wake kwa mwendesha mashtaka litakuwa dogo na muhimu: kijana huyu mnamhesabu kuwa shahidi, mtu anayechunguzwa, au mlengwa wa mashtaka? Wizara ya Sheria ya Marekani inatumia makundi hayo matatu, na jibu lake ndilo litakaloongoza mengine.

Mwanasheria wa kampuni si wakili wake. Anailinda kampuni, na kile ambacho mdogo wako atamwambia, kampuni ikiamua, inaweza kukipeleka kwa serikali bila kumuuliza. Asigombane naye, amshukuru tu na kumwambia kwamba atawasiliana naye kupitia wakili wake. Kama fedha ni tatizo, ajue kwamba haki ya kupewa wakili bila malipo kwa kawaida huanza pale mashtaka yanapofunguliwa, lakini bado apige simu kwenye ofisi ya mtetezi wa umma wa shirikisho iliyo karibu naye na aeleze hali yake, hasa akiwa amepokea barua ya kumwarifu kwamba yeye ni mlengwa, kwani mara nyingi barua hizo huwaelekeza watu huko. Chama cha mawakili cha eneo lake nacho kinaweza kumpa majina ya mawakili wa kesi za jinai za shirikisho. Amtafute aliyewahi kushughulikia udanganyifu wa bima ya afya, amuulize waziwazi ada ya mashauriano ya kwanza, na aende na kadi za majina za wapelelezi, tarehe za ziara zao, na maandishi ya kila anachokumbuka kuambiwa. Maandishi hayo ayaandike leo kwa ajili ya wakili peke yake, ayape kichwa kinachosema hivyo, na asimtumie mtu mwingine yeyote, hata wewe.